Ukuta Uliojengwa Mara Mbili

Hapa Lwakhakha, matofali huchomwa pande zote mbili za mto, Kenya na Uganda. Fundi mzuri utamjua kwa kutoharakisha mwiko: hupanga matofali makavu, akasogea nyuma, akatazama, akapangua. Mafundi hao hunikumbusha David Clement Scott, mchungaji wa Kipresbiteri kutoka Uskoti, aliyefika Blantyre, Malawi ya leo, mwaka 1881.

Kati ya 1888 na 1891 aliongoza ujenzi wa Kanisa la Mtakatifu Mikaeli na Malaika Wote, jengo la matofali lenye matao na kuba. Hakuwa amesomea usanifu wa majengo, na Waafrika alioshirikiana nao walijifunza kazi hiyo palepale. Tao lilipangwa kwanza bila chokaa, na likimridhisha ndipo likajengwa moja kwa moja. Inasimuliwa kwamba matofali yale yalihitaji maumbo 81. Anayejua udongo atashangaa. Udongo hunywea ukikauka, ukanywea tena motoni, kwa hiyo kila kalibu lazima iwe kubwa kuliko tofali linalotakiwa, na mpindo wa kuba uamuliwe udongo ungali mbichi. Ukikosea, tanuri zima ni hasara. Mikono iliyofinyanga, ikachoma na kupandisha kuba lile ndiyo ninayoivulia kofia kwanza.

Subira hiyohiyo imo katika kamusi yake ya Kimang'anja, lugha ya wenyeji wa huko, iliyotoka 1892. Scott hakuridhika kuweka neno na maana yake. Aliliingiza katika sentensi, desturi na mazungumzo, alivyoyasikia kwa wenyeji.

Teolojia yake naisoma humo zaidi ya mahubirini. Aliamini kanisa ni la Waafrika, akawaandaa mashemasi wao na kuwakabidhi kazi, jambo lililowaudhi walowezi. Lawama zikazidi, akaondoka Blantyre mwaka 1898.

Mwaka 1901 alikuja Kenya, kwenye misheni ya Thogoto, Kikuyu, chimbuko la Kanisa la Kipresbiteri la Afrika Mashariki (PCEA). Huko alifariki 1907, na miaka yake ya Kikuyu haikuzaa jengo la kulinganishwa na lile la Blantyre. Lakini kamusi iliendelea kufanyiwa kazi: mwenzake wa Blantyre, Alexander Hetherwick, aliihariri upya ikachapishwa 1929, na kanisa lile la matofali lingali linaendesha ibada.