Duara la Ngoma na Uteuzi wa Diski: Uhakiki wa Utoaji wa Muziki wa Wamakonde wa Nanyamba kwa Sauti ya Mzunguko

Mjadala kuhusu diski ifaayo kutolea muziki wa sauti ya mzunguko, yaani sauti inayomjia msikilizaji kutoka mbele, pembeni na nyuma, kwa kawaida huegemea ubora wa kidijiti peke yake. Mtazamo huo haujitoshelezi unapohusishwa na ngoma za Wamakonde wa Nanyamba, mkoani Mtwara. Huko, kuteua diski ni kuamua iwapo wenye muziki wataweza kuusikiliza baada ya kurekodiwa.

Hoja ya kurekodi kwa mzunguko ina mashiko. Ngoma ya mapiko haina jukwaa la kutazamwa kutoka upande mmoja. Watu huuzunguka uwanja, huitikia wimbo kutoka kila upande, na mvaa kinyago hujitokeza akipenya katikati yao. Ngoma ndogo, zilizochomekwa ardhini kwa mguu wake mchongoko, hupigwa kwa vijiti vyembamba juu ya mngurumo wa ngoma kubwa. CD, iliyoingia sokoni mwaka 1982, ina njia mbili tu za sauti. Hulinyoosha duara hilo likawa mstari mbele ya msikilizaji. (Nyimbo za siri za jando na unyago hazimo katika mjadala huu; hakuna diski inayozifaa.)

SACD ya mwaka 1999 na DVD-Audio ya mwaka 2000 zinaweza kubeba njia sita kwa ubora unaoipita CD. Blu-ray, yenye gigabaiti 25 kwa tabaka moja, hufanya hivyo kwa nafasi kubwa zaidi. Hata hivyo, deki ya kawaida ya DVD haiisomi Blu-ray, wala haiufikii muziki ulio katika sehemu maalumu ya DVD-Audio. SACD yenye tabaka la CD huchezwa popote, lakini katika njia mbili tu, na haiwezi kunakiliwa kwa kompyuta ya kawaida mjini Mtwara. Inabaki DVD-Video. Dolby Digital yake hubana njia sita katika kilobiti 448 kwa sekunde, na wapenzi wa sauti safi huidharau kwa sababu hiyo. Dharau hiyo ina msingi wa kiufundi, ila haijibu swali la Nanyamba.

Tatizo zito zaidi halimo katika ubanaji. Deki iliyounganishwa na televisheni ya spika mbili huzikunja njia sita kuwa mbili. Katika ukunjaji huo, njia za nyuma kwa kawaida hupunguzwa nguvu, na njia ya sita, ile ya besi nzito, huachwa kabisa. Mhandisi akiuweka mngurumo wa ngoma kubwa katika njia hiyo pekee, na waitikiaji nyuma, nyumba nyingi zitasikia vijiti na sauti ya kiongozi wa wimbo bila umati wake. Hata sabufa haiokoi jambo, kwa kuwa ile inayopokea njia mbili hujitengenezea besi kutokana na njia hizo hizo. Haiwezi kurudisha kilichokwisha kutupwa.

Kwa hiyo DVD-Video inastahili kuteuliwa kwa sharti kwamba mchanganyo wa njia mbili utengenezwe peke yake na sikio la mtu, usiachiwe deki. Nafasi ipo: mchanganyo huo usiobanwa, wa kilobiti 1,536 kwa sekunde, pamoja na ule wa njia sita, hutosha kwa zaidi ya saa tano katika diski ya gigabaiti 4.7 isiyo na picha. Rekodi asilia za njia zote zihifadhiwe kwingine bila kubanwa, maana diski ya kusambaza si ghala.

Mpangilio nao una uzito. Diski hizi zikifika kwa vijana wanaojaza nyimbo katika flashi na simu, sauti itakayohamishwa kwa urahisi ni ile ya kwanza katika diski. Kwa Nanyamba, mchanganyo wa njia mbili ndio unaopaswa kutangulia.