Saketi Isiyo na Waya

Mwaka 1959 Jack Dennis wa MIT alichapisha kitabu kilichoonyesha kwamba baadhi ya hesabu za kutafuta gharama ndogo kabisa zinaweza kuchorwa kama saketi ya rezista, daiodi na vyanzo vya umeme. Saketi ikitulia, pima volti: hilo ndilo jibu. Zaidi ya nusu karne baadaye, Thomas Baran na Tarek Lahlou, nao wa MIT, walitaka saketi ya namna hiyo ikae ndani ya kompyuta nyingi zisizosubiriana.

Kikwazo ni kwamba kifaa cha kwanza kinahitaji jibu la cha pili, na cha pili kinahitaji la cha kwanza, papo hapo. Umeme halisi hauoni shida hapo, programu hukwama. Alfred Fettweis alishapambana na fundo hilo alipogeuza vichujio vya umeme kuwa vya kidijitali, miaka ya 1970 ikianza. Aliacha kufuatilia volti (v) na mkondo (i), akafuatilia mawimbi mawili: a = v + i linaloingia, na b = v − i linalotoka.

Mtu anaweza kudhani ni kubadilisha majina tu. Hebu tujaribu gharama iliyo sawa na umbali wa v kutoka sifuri. Hapo i ni mteremko wa gharama: 1 upande wa kulia, −1 upande wa kushoto. Penye sifuri yenyewe, i ni namba yoyote kati ya hizo, na kompyuta haijui ichague ipi. Kwa mawimbi, utata unakwisha. Likiingia 3, v ni 2 na i ni 1, basi linatoka 1. Likiingia 0.5, v ni sifuri, linatoka −0.5. Kila a ina b moja tu, na mawimbi mawili yakiingia hayatoki yakiwa yameachana zaidi ya yalivyoingia.

Nyaya nazo hazichochei chochote: zinagawa nishati bila kuongeza wala kupunguza. Kwa hiyo unaweza kupachika kumbukumbu katikati, kila kompyuta ishike thamani ya zamani mpaka zamu yake ifike, na hesabu isilipuke.

Ninachokipenda zaidi ni zamu zenyewe. Zikipangwa kwa bahati nasibu, kwa wastani thamani mpya inachanganyika na ya zamani, na mchanganyiko huo ndio breki inayozuia mawimbi kuyumba milele. Uchelewaji ambao mhandisi wa mtandao angeulipia uondolewe, hapa unafanya kazi.