Mchezo na Baraza katika Milima ya Usambara

Asiyekuwapo na lake halipo. Methali hii yaeleza kwa ufupi hali ya kijana katika mambo ya kazi: sera huandikwa kwa ajili yake, naye hayupo. Michezo ya kuigiza inayowashirikisha watazamaji yakusudia kuondoa kasoro hiyo. Lakini yafaa michezo hiyo nayo ipimwe, maana si kila mchezo unaompa kijana nafasi ya kusema humpa nafasi ya kusikiwa.

Mfano mashuhuri katika Tanzania ni wa Malya, wilaya ya Kwimba, mkoa wa Mwanza. Kuanzia mwaka 1982 Penina Muhando Mlama, Amandina Lihamba na Eberhard Chambulikazi, walimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walichunguza pamoja na wanakijiji matatizo ya mahali pale, yakiwamo mimba za wasichana wa shule na ukosefu wa kazi kwa vijana. Hawakwenda na tamthilia iliyokwisha kuandikwa. Mchezo ulitokana na mazungumzo ya wenyeji na ngoma walizozizoea, kisha ukajadiliwa. Huo ndio uzuri wa kazi ile: swali lilitangulia, jibu likafuata. Michezo mingi ya baadaye imegeuza utaratibu huo. Hudhaminiwa ili kupeleka ujumbe, na ujumbe mara nyingi ni ule ule: kijana aache uvivu, ajiajiri. Mchezo wa namna hiyo ni hotuba iliyovikwa mavazi ya sanaa.

Udhaifu wa hotuba hiyo huonekana wazi Usambara. Kijana wa Lushoto hulima viazi, kabichi na karoti katika kipande kidogo cha mteremko, kilichogawanywa kwa urithi kizazi baada ya kizazi. Mazao huuzwa Tanga na Dar es Salaam kwa bei asiyoipanga yeye, na pengine kwa gunia la lumbesa, ingawa sheria ya vipimo imelikataza. Kumwambia ajiajiri ni kumwambia aanze kazi aliyoizoea tangu utotoni.

Na ichukuliwe kwamba kisa hiki kinachezwa sokoni kwa mtindo wa Augusto Boal wa Brazil, ambapo mtazamaji husimamisha mchezo na kushika nafasi ya mkulima. Mmoja atagombana na dalali, naye dalali atakwenda kwa jirani. Mwingine atakataa kuuza, na kabichi zitaoza. Baada ya majaribio machache itadhihirika kwamba ila haimo katika tabia ya mkulima, na kwamba mwenye uwezo wa kukomesha lumbesa hayumo miongoni mwa watazamaji.

Boal alilijua jambo hilo. Alipokuwa diwani wa Rio de Janeiro, kati ya mwaka 1993 na 1996, mapendekezo ya watazamaji yaliandikwa na kupelekwa barazani, na sheria 13 zikapitishwa. Tanzania nayo ina mlango wa kupitia. Sheria yazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo, na 4 kati ya hizo ni za vijana. Je, kikundi cha vijana wasio na ardhi chaweza kulipa deni msimu ambao bei ya kabichi imeanguka? Swali hilo lastahili kuchezwa mbele ya madiwani.

Milima hii imekwisha kuona sera isiyosikiliza. Baada ya Vita Kuu ya Pili serikali ya kikoloni, ikianzia bonde la Mlalo, iliwalazimisha wakulima kutengeneza matuta ya kuzuia mmomonyoko. Kuhifadhi udongo kulikuwa jambo jema, lakini mzigo uliwaelemea wasioulizwa. Walipinga, na mpango ukaachwa kabla ya uhuru wa mwaka 1961.

Basi mchezo wa vijana usihukumiwe kwa vicheko wala kwa wingi wa watu uwanjani. Uhukumiwe kwa yaliyoingia katika muhtasari wa kikao cha halmashauri baada ya ngoma kunyamaza. Diwani asipokuwapo mchezoni, la kijana litakuwa limesemwa, lakini barazani bado halitakuwapo.