Kigawanyo Kisichotajwa

SELECT AVG(alama) FROM matokeo;

Sentensi ndiyo hiyo, yote. Naomba tuisome kwa utulivu ule ule tunaoupa ubeti, neno kwa neno, maana kilichoachwa nje yake kina uzito kuliko kilichoandikwa.

Kwa Kiswahili inasema: chagua wastani wa alama kutoka jedwali la matokeo. Inasikika kama kauli ya mtu, na ilikusudiwa hivyo. Donald Chamberlin na Raymond Boyce wa IBM, San Jose, Marekani, walipoitangaza lugha hii, ambayo leo huitwa SQL, mwaka 1974 kwa jina la SEQUEL, walitaka hata asiyejua kuandika programu aweze kuiuliza hifadhidata swali. Unasema unachotaka; namna ya kukipata unaiachia mashine. Ila mpangilio wa maneno si mpangilio wa kazi. Kimantiki, kazi huanzia FROM, kisha mistari inachujwa, makundi yanapangwa, ndipo hesabu inafanyika. Msomaji hukutana na jibu kabla ya kujua limetoka wapi.

Uzito umo kwenye AVG. Wastani ni matendo mawili, kujumlisha na kugawanya, na herufi hizi tatu zimeyameza yote. Kigawanyo hakionekani popote. Tuseme jedwali lina wanafunzi watano: 80, 60, 40, 70, na wa tano nafasi yake ni NULL, yaani haina thamani. Jibu ni 62.5. Jumla ya 250 imegawanywa kwa 4. Mwanafunzi wa tano ameondolewa, na jibu lenyewe halionyeshi.

Sasa linganisha na umbo hili:

SELECT SUM(alama) / COUNT(*) FROM matokeo;

Jibu ni 50. Kinyota kile kinahesabu kila mstari, wenye alama na usio na alama. Ungeandika COUNT(alama), wangehesabiwa wanne tu. Mtoto mzima anaingia au anatoka kwa tofauti ya nyota na neno! Lipi ni sahihi? Kama mtoto alikuwa mgonjwa siku ya mtihani, 62.5 ni haki. Kama alikabidhi karatasi tupu, 50 ndiyo haki. Lugha haiwezi kujua; mwandishi wa ripoti ndiye anayepaswa kujua, na ndiyo maana mimi nalipenda umbo refu. Linamlazimisha mtu kuandika anagawanya kwa idadi ipi.

Lahaja za SQL nazo zinatofautiana kati ya mifumo ya hifadhidata. Safu ikiwa ya namba nzima, SQL Server hukata desimali na kukupa 62, wakati PostgreSQL hukupa 62.5 yenye msururu wa sifuri nyuma yake.

Ongeza GROUP BY shule, kila shule inapata wastani wake, na hapo mtu hushawishika kuziwastanisha wastani zenyewe. Shule ya wanafunzi 10 yenye 80 na ya wanafunzi 40 yenye 50 zitatoa 65, ilhali wastani wa wanafunzi wote 50 ni 56.

Neno letu "wastani" lina asili ya Kiarabu, na mzizi wake ni katikati. AVG haitafuti katikati, inagawa sawasawa. Hakuna mwanafunzi aliyepata 62.5. Anayetaka katikati yenyewe anaandika hivi katika PostgreSQL:

SELECT PERCENTILE_CONT(0.5) WITHIN GROUP (ORDER BY alama) FROM matokeo;

Ni sentensi ndefu, nzito mdomoni, lakini ina ukweli ambao ile fupi haina. Nusu imetajwa kwa namba, na ORDER BY inakiri kwamba alama lazima zipangwe foleni kwanza: 40, 60, 70, 80. Jibu ni 65, kati ya 60 na 70. Mwanafunzi wa tano, humu pia, hakuhesabiwa.