Kutisha kwa Sauti ya Chini

Katika hadithi ya Pu Songling iitwayo "Ngozi Iliyopakwa Rangi", bwana mmoja, Wang, anakutana alfajiri na binti mrembo njiani. Anamhurumia, anamchukua na kumficha katika chumba chake cha kusomea. Siku moja anakuta mlango umefungwa kwa ndani. Ananyemelea dirishani, anachungulia. Mle ndani kuna zimwi la uso wa kijani, meno yake yamechongoka. Limetandaza ngozi ya binadamu kitandani, na brashi mkononi, linaipaka rangi. Likishamaliza, linaitupa brashi, linaikung'uta ngozi kama mtu akung'utavyo nguo, linaivaa. Papo hapo ni yule yule binti.

Sentensi hizo ni chache mno, na sidhani kuna aliyewahi kutisha vizuri kuliko hivyo. Hakuna radi, hakuna kilio usiku wa manane. Hofu ya Wang yenyewe imepewa maneno machache tu: alitoka pale akitambaa kama mnyama. Pu amelipa zimwi kazi ya mikono, tena kazi ya utulivu, na utulivu huo ndio unaomnyima msomaji usingizi.

Mwandishi huyu alizaliwa mwaka 1640 huko Zichuan, mkoani Shandong, China. Mwaka 1658 alifaulu mtihani wa kwanza wa kuingia utumishi wa serikali, tena kwa nafasi ya juu kabisa. Mtihani uliofuata aliurudia hadi uzeeni, na kila mara alianguka. Akaishi kwa kufundisha watoto katika nyumba ya ukoo wa Bi, huku akikusanya habari za mizimu, majini na mbweha wanaogeuka wanawake. Marafiki wa mbali walimtumia visa kwa barua. Alikusanya karibu hadithi 500, na alifariki mwaka 1715 bila kukiona kitabu chake kimechapwa. Watu walikisoma kwa nakala za mkono mpaka mwaka 1766.

Ufundi huo wa kutisha kwa maneno machache hakuuanzisha yeye. Katika karne ya 4 Gan Bao, mwandishi wa historia wa dola, alikwisha kukusanya habari za mizimu na kuziandika kwa ufupi ule ule alioandikia habari za wafalme: fulani wa mahali fulani, lilimpata jambo hili. Pu aliurithi ukavu huo wa karani, akautia huruma.

Huruma hiyo iko katika "Nyenje". Enzi ya mfalme Xuande, ikulu ilipenda mapigano ya nyenje, na kila wilaya ikalazimishwa kupeleka wadudu hao. Cheng Ming, mtu mnyonge, anachapwa viboko kwa kukosa nyenje. Hatimaye anampata mmoja wa maana. Mwanawe wa miaka tisa anafunua chungu kwa udadisi, mdudu anamfia mkononi, naye kwa woga anajitupa kisimani. Anaopolewa kama maiti, baadaye anakutwa na pumzi kidogo, analala kama gogo. Kesho yake nyenje mdogo, asiyetazamika mara mbili, anarukia mkono wa kanzu ya baba. Nyenje huyo anawashinda wote, hata kilemba cha jogoo anaking'ang'ania. Kwa kurasa nzima Pu anatuachia sisi tuunganishe mtoto na mdudu. Lawama kwa mfalme anaiweka mwishoni, maneno machache, kwa sauti ya mwanahistoria.

Leo hadithi hizi zinajulikana zaidi kwa filamu, na filamu haziwezi kusubiri. Katika ile ya mwaka 2008 iliyotokana na "Ngozi Iliyopakwa Rangi", Wang amefanywa jemadari, na zimwi limekuwa mbweha aliyeshikwa na mapenzi. Ni pembetatu ya wapendanao, imepambwa kwa mapanga. Nani atakumbuka kwamba katika hadithi yenyewe mkewe Wang alipiga magoti sokoni, umati ukitazama, akameza makohozi ya ombaomba mwendawazimu ili mumewe, aliyemdharau kisha akauawa na zimwi, afufuke? Aibu ile ndiyo moyo wa hadithi. Tumezoea kuonyeshwa kila kitu upesi na kwa kelele, hata tumesahau kwamba msomaji naye ana kazi yake.

Nusu ya mswada alioandika Pu kwa mkono wake imesalia, katika maktaba ya mkoa wa Liaoning. Nanyi vijana mnaosoma Kichina katika vyuo vya Nairobi na Dar es Salaam, msiishie kwenye Kichina cha biashara. Jifunzeni na kile cha kale, mtuletee hadithi hizi kwa Kiswahili moja kwa moja kutoka kwa Pu, bila kupitia Kiingereza. Anzeni na "Nyenje", na tafadhali msimwongezee neno.