Peponi, Kimbunga na Mzigo wa Mfasiri

Mwaka 1994 vilitoka vitabu viwili vya Wazanzibari wawili. Kimoja kilitoka London kwa Kiingereza: riwaya ya Abdulrazak Gurnah, Paradise, ambayo mwaka huohuo iliingia katika orodha fupi ya Tuzo ya Booker. Cha pili kilichapishwa Dar es Salaam na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili: Kimbunga, diwani ya Haji Gora Haji, mzaliwa wa Tumbatu. Msimu huu nimevisoma vyote viwili kwa kufuatana, na katikati yake nikakisoma cha tatu, Mbali na Nyumbani cha Adam Shafi. Sikuvipanga; ndivyo vilivyonijia mkononi. Lakini nilipovimaliza niliviona vinasemezana, na mazungumzo hayo yananihusu mimi niliyebaki visiwani na kazi ya kufasiri.

Paradise safari hii nimeisoma kwa Kiswahili. Peponi ni tafsiri ya Ida Hadjivayanis iliyotolewa na Mkuki na Nyota mwaka 2022, mwaka mmoja baada ya Gurnah kutunukiwa Nobeli ya Fasihi. Imechukua miaka 28 riwaya hii kuisema lugha ambayo wahusika wake wengi waliisema tangu mwanzo. Asili yake niliisoma zamani, kamusi ikiwa pembeni, kwa kuwa Kiingereza nimejifunza mwenyewe na uhakiki sikufundishwa na mtu. Labda ndiyo maana macho yangu huenda kwenye neno moja moja kabla ya kwenda kwenye nadharia.

Tuanze na jina. Paradise ni jina la mahali, nalo linatosha. Kwetu neno pepo likisimama peke yake, msikilizaji anaweza kumfikiria shetani wa kupungwa. Kwa hiyo ikabidi lije na ile -ni ya mwisho, na herufi hizo mbili zimeleta jambo: zinamtia msomaji ndani. Yusuf, mtoto aliyetolewa na baba yake kwa ajili ya deni, anaitazama bustani ya tajiri Aziz na kuitamani, hali jalada limekwisha kutuambia kwamba tumo peponi. Nilibishana na jina hilo siku kadhaa, nikaishia kumpa haki mfasiri. Kejeli ya mwandishi imezidi ukali.

Liko na jambo la ujamaa. Katika Kiingereza Yusuf humwita tajiri kwa neno moja linalomfaa ndugu wa baba na ndugu wa mama sawasawa, na Khalil, kijana wa dukani, hachoki kumkumbusha kwamba yule si jamaa yake. Sisi tuna ami na tuna mjomba, na huyu mjomba tumemtoa katika damu tukampa kila mgeni wa makamo apitaye njiani. Mwandishi wa Kiingereza aliweza kuuficha uongo wa undugu huo ndani ya neno lenyewe. Mfasiri wa Kiswahili hana budi kuchagua upande. Sitalitaja neno lililoteuliwa. Msomaji akalitafute, kisha ajiulize yeye angeteua lipi.

Kadhalika Khalil humwita Yusuf kifa urongo, na Gurnah aliyaacha maneno hayo vivyo hivyo katika asili. Kule yalikuwa kama kijiwe katika wali: msomaji wa Kiingereza anasita, anakumbuka kwamba yuko ugenini. Huku hayamsitishi mtu. Ni kebehi ya vijana wawili, nasi tunacheka. Kitu kimepotea, nacho ni ule ugeni. Badala yake tumepata kicheko, nami kicheko nakithamini zaidi.

Lakini lililonishitua ni mwisho. Yusuf anakimbia kuifuata safu ya askari wa Wajerumani. Nilipousoma mwisho huo kwa Kiingereza nilimhurumia. Kwa Kiswahili nilimkasirikia, kama mtu anavyomkasirikia mtoto wa jirani ambaye anajua walimokaa wazee wake. Sidhani kwamba ni kosa la mfasiri. Nadhani ni sifa yake.

Kitabu cha Adam Shafi nakipitia kwa ufupi. Ni cha maisha yake mwenyewe: kijana anaiacha Unguja akitafuta elimu nchi za mbali, mfukoni hana cha kutajika. Simulizi inakwenda kwa wepesi, na ucheshi wake ni wa barazani. Hata hivyo aliyeizoea Vuta N'kuvute ya mwaka 1999, na Yasmin wake anayeikimbia ndoa ya kuozwa, atauona upungufu wa mvutano. Msafiri tunajua atafika, kwa kuwa ndiye anayetusimulia.

Nakuja kwa Haji Gora. Alifariki mwaka 2021, mwaka uleule wa Nobeli, na magazeti ya dunia yalikuwa na nafasi kwa mmoja tu. Simwonei kijicho Gurnah, alistahili. Ninalolalamikia ni kwamba nakala yangu ya Kimbunga ni ya kuazima, na aliyeniazima anaidai kila Ijumaa.

Shairi linalokipa kitabu jina linaeleza dhoruba iliyovunja mazoea: vikubwa vinang'oka, vinyonge vinasalia. Halimtaji mkubwa yeyote, na kwa hiyo kila mkubwa ana sababu ya kulisikia. Nimejaribu kulipeleka kwenye Kiingereza. Maneno yetu huishia kwa irabu, na vitenzi vyetu hugawa vina bure kama mnazi unavyogawa kivuli. Kiingereza huvitafuta kwa tochi. Ukiviacha vina, dhoruba inakuwa taarifa ya hali ya hewa. Ukivilazimisha, inakuwa wimbo wa watoto wa shule. Mfasiri wa Peponi alikuwa akiirudisha riwaya kwenye masikio yaliyoizaa. Mimi nalitoa shairi kwa watu wasiojua mbuyu una heshima gani kwetu, wala kwa nini kung'oka kwake kunatisha kuliko kung'oka kwa nyumba.

Beti mbili nimezichana. Ya tatu iko mezani, na neno la mwisho la mshororo wake wa pili bado halijaniridhisha.