Watu wa Ghalani Napa

Mwaka 1976 mjini Paris, waonjaji wa Kifaransa walionja bila kuona lebo, wakaupa ushindi mvinyo mwekundu wa California wa mwaka 1973. Sifa zikaenda kwa chupa. Mimi nawakumbuka watu wa ghalani kule Napa, California. Huzunguka mapipa ya mwaloni ya lita 225 wakijazia kilichopotea kwa mvuke, maana hewa ikikaa humo mvinyo hugeuka siki. Wakihamisha mvinyo pipa hadi pipa, humulika taa. Mashapo yakianza kupita, hufunga. Huonja, hutema, huandika. Chupa huzilaza ubavu kizibo kisikauke, kwenye ubaridi wa nyuzi 13 hivi. Anayefungua chupa baada ya miaka 20 hunywa subira ya mikono asiyoijua.